Uzoefu wangu na vipanuzi vya fenda vinavyonyumbulika kwenye gari la njia ngumu

Kipanuzi cha fenda, yaani ukingo unaoongezwa kwenye bodi juu ya gurudumu ili kufunika tairi pana, huuzwa kwa sura yake, lakini mara nyingi huvunjikia mahali ambapo picha ya tangazo haionyeshi, yaani kwenye tundu la boliti. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta seti mpya, unene wa plastiki na mng'ao wake sikuvipa uzito mkubwa. Nilichunguza namna kipande kinavyoshikizwa kwenye bodi na kinavyofanya kikibanwa.

Gari langu hupita kwenye mawe, matope na vichaka, na matairi yake ni mapana kuliko yale ya kiwandani. Rimu nilizofunga zina ofseti (umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaofungwa kwenye kitovu) ya 0 badala ya milimita 30 za awali, kwa hiyo kila gurudumu limesogea nje kwa milimita 30; tena, kwa kuwa rimu hizo ni pana zaidi kwa inchi 1, ukingo wa nje umeongezeka kwa milimita nyingine 12 na ushei. Tairi lililojitokeza kiasi hicho hurusha mawe kwenye milango na kujaza matope vioo vya pembeni, na gari linalofuata nyuma nalo haliponi. Nilihitaji kufunika karibu sentimita 5. Hapa mnunuzi awe mwangalifu sana, kwa sababu watengenezaji huandika vipimo viwili tofauti: kimo cha kipande chenyewe kinavyopanda kwenye bodi, na kiasi ambacho kinajitokeza nje ili kufunika tairi. Kipimo kinachomhusu mwenye matairi mapana ni hicho cha pili, nacho huweza kutofautiana kati ya fenda za mbele na za nyuma. Nilizingatia pia kanuni za Umoja wa Ulaya, ambazo hutaka gurudumu lifunikwe kuanzia nyuzi 30 mbele ya mstari wa wima unaopita katikati yake hadi nyuzi 50 nyuma. Hata kwa mtu asiyebanwa na kanuni hizo, ni kipimo chenye mantiki, kwa kuwa sehemu ya nyuma ya tairi ndiyo inayorusha uchafu.

Vipanuzi nilivyovikuta kwenye gari hili nilipolinunua vilikuwa vya plastiki nene ya ABS, vigumu, vilivyopakwa rangi ya bodi. Vilipendeza kweli. Hata hivyo nyufa zilianza kwenye matundu ya skrubu, moja baada ya nyingine, hata upande ambao haukuwahi kugusa mti wala jiwe. Sababu yake inaeleweka: kipande cha ABS chenye urefu wa mita 1 hutanuka kwa takriban milimita 3 joto linapopanda kwa nyuzi 40 za Selsiasi, ilhali bati la chuma lililo chini yake hutanuka kwa nusu milimita tu. Ikiwa tundu ni la mviringo na skrubu imekazwa hadi mwisho, plastiki haina pa kwenda; huvutana na skrubu hiyo kila kunapokucha na kila kunapokuchwa, mpaka ipasuke. Siilaumu ABS yenyewe, maana ni plastiki imara inayopokea rangi vizuri, na ile iliyofunikwa kwa tabaka la akriliki hustahimili jua kwa muda mrefu. Ninachokataa ni ABS iliyofungwa kana kwamba ni bati.

Seti niliyoichagua ni ya TPO, plastiki iliyochanganywa na mpira, ya aina ileile inayotumiwa sana kutengenezea bampa za magari. Ni nyeusi hadi ndani, ina uso wa chembechembe usiong'aa, na matundu yake ya kufungia ni marefu kidogo kama tundu la kitufe cha shati, hivyo kipande kinaweza kutanuka na kusinyaa bila kuvutana na boliti. Kwa maoni yangu, matundu hayo marefu yana thamani kuliko sifa nyingine yoyote iliyoandikwa kwenye boksi, na ndiyo kitu cha kwanza ninachomwomba muuzaji anionyeshe.

Mtihani wa kweli ulikuja kwenye mkondo mkavu wenye mawe makubwa, gari lilipoteleza upande na fenda ya nyuma ikaegemea mwamba. Kipanuzi kilikunjwa kuelekea ndani, klipu moja ikachomoka, na gari lilipoondoka kwenye mwamba kipande kikarudi katika umbo lake kikiwa na mikwaruzo na alama ya weupe mahali kilipokunjika. Bodi haikubonyea. Hicho ndicho ninachokiita udumu katika kifaa cha namna hii: kipanuzi kinatakiwa kukubali na kuachia kabla bodi haijaumia. Chuma hakifanyi hivyo. Kipanuzi cha chuma hunyooshwa kwa nyundo na huishi miaka mingi, lakini kikigongwa hupeleka nguvu yote kwenye bati kilikofungwa. Faibaglasi ni nyepesi na hurekebishwa kwa rezini, ila kwenye mawe hupasuka upesi. Nisingeiweka kwenye gari la kazi kama hii.

Ufungaji ulichukua muda kuliko nilivyotarajia, na nafurahi kwamba haukuharakishwa. Mbele kulikuwa na matundu ya kiwandani, lakini nyuma ililazimu kutoboa. Kila tundu lililotobolewa lilisafishwa, likapakwa praima ya kuzuia kutu na kisha rangi kabla boliti haijapita, kwa kuwa bati lililo wazi nyuma ya kipanuzi hushika kutu mahali ambapo jicho halifiki. Kati ya kipande na bodi uliwekwa ukanda wa mpira kuzunguka ukingo wote. Bila ukanda huo, mchanga unaoingia pale husugua rangi kila gari linapotikisika, na mtu hugundua siku anapokifungua kipanuzi akakuta bati limebaki tupu. Boliti ni za chuma kisichoshika kutu. Mwenye gari la bodi ya alumini, kama Land Rover Defender za zamani, aweke washa (pete bapa) za nailoni kati ya boliti na bodi, kwa sababu metali hizo mbili zikigusana penye unyevu alumini ndiyo huliwa.

Zipo seti zinazoshikizwa kwa utepe wa gundi wa pande mbili pekee, bila kutoboa. Kwa gari la barabarani sina neno nazo, mradi bodi ifutwe kwa alkoholi ya isopropili, kazi ifanyike penye joto la kutosha, na gari lisioshwe wala kupelekwa porini kabla ya saa 72, muda ambao gundi ya utepe wa VHB wa kampuni ya 3M huhitaji ili ifikie nguvu yake kamili katika joto la kawaida la chumbani. Kwa gari linalopita kwenye matope mazito ningependa boliti zibebe mzigo, na utepe uwe wa kusaidia tu kuziba mwanya. Zile boliti kubwa zinazoonekana kwa nje kwenye vipanuzi vingi mara nyingi ni pambo. Tazama ndani ya upinde wa gurudumu ujue ni kipi hasa kinachoshika.

Baada ya kufunga, gurudumu moja lilipandishwa juu ya jiwe hadi springi ikabanwa kabisa, usukani ukazungushwa mpaka mwisho pande zote mbili. Tairi liligusa ukingo wa ndani wa kipanuzi cha mbele upande mmoja, kwa hiyo kidogo kilikatwa kwa kisu. TPO hukatika vizuri bila kumeguka, jambo ambalo ABS ngumu haitoi kwa urahisi.

Kasoro zipo. Kwa sababu plastiki hii ni laini, mahali ambapo boliti zimeachana sana ukingo hunyanyuka kidogo jua likiwa kali, na kati ya boliti mbili za juu naona wimbi dogo ambalo mtu anayependa mistari iliyonyooka litamkera; nadhani mtengenezaji angeongeza boliti moja pale. Uso wa chembechembe hushika matope na hutaka brashi, si kitambaa. Anayetaka rangi ya bodi ajue kwamba TPO haishiki rangi bila kupakwa kwanza dawa maalumu ya kushikisha, na rangi yenyewe lazima iwe na kiungo cha kuifanya inyumbulike, la sivyo itapasuka siku kipande kitakapokunjika. Mimi niliiacha nyeusi.

Kilichonishawishi mwisho kuliko yote ni kwamba muuzaji huuza kila kona peke yake, pamoja na klipu zake. Seti inayouzwa kwa vipande vinne tu humlazimisha mtu anunue vyote kwa ajili ya kimoja kilichochanika, na kwenye gari la mawe na vichaka kuna kona moja ambayo daima huumia kabla ya nyingine.