Kuagiza Windows 7 Kabla Haijatoka kwa Pauni 49.99: Uzoefu Wangu

Katika majira ya joto ya mwaka 2009, kampuni ya Microsoft iliamua kuuza mfumo endeshi wake mpya (programu kuu inayoendesha kompyuta), Windows 7, kwa bei ya punguzo miezi kadhaa kabla haujafika madukani. Wateja wa Marekani na Kanada walifunguliwa mlango kuanzia tarehe 26 Juni hadi tarehe 11 Julai. Sisi tunaoishi Uingereza, pamoja na wenzetu wa Ufaransa na Ujerumani, tuliwekewa tarehe 15 Julai hadi 14 Agosti, au hadi mgao utakapokwisha. Toleo la Home Premium, la matumizi ya nyumbani, liliuzwa kwa pauni 49.99 na lile la Professional kwa pauni 99.99, ilhali bei kamili zilizotangazwa hapa zilikuwa pauni 149.99 na pauni 219.99. Niliagiza Home Premium siku ileile mauzo yalipofunguliwa. Leseni hiyo nimekaa nayo miaka mingi, na kwa kuwa hadi leo jamaa na marafiki huniuliza kama kuna busara yoyote katika kuagiza programu ambayo haijatoka, nimeona nieleze kwa urefu jinsi mambo yalivyokwenda kwangu.

Kwanza niseme kwamba sikuagiza kitu nisichokijua, na hili naliweka mbele kwa sababu ndilo lililoniondolea wasiwasi. Tangu tarehe 5 Mei mwaka huo, mtu yeyote aliweza kupakua bure toleo la majaribio la mwisho la Windows 7 na kulitumia hadi tarehe 1 Juni 2010, kwa sharti kwamba kuanzia Machi 2010 kompyuta ingekuwa inajizima yenyewe kila baada ya saa mbili. Nilikuwa na kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core 2 Duo na RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 2, iliyokuja na Windows Vista, yaani Windows iliyotangulia hii, ya biti 32, aina isiyoweza kutumia RAM nyingi kama ile ya biti 64. Nilitenga sehemu ya diski kuu, nikalisakinisha toleo la majaribio humo bila kuigusa Vista, kisha nikaanza kulifanyia kazi zangu za kweli: hesabu za biashara ndogo ya kusafirisha mizigo, barua, picha za familia na mazungumzo ya video na ndugu zangu walioko Tanga. Lilikuwa jepesi. Madirisha yalifunguka bila kusubiriwa, na ule mtindo mpya wa kulivuta dirisha hadi ukingoni mwa skrini likajipanga nusu kwa nusu na jenzake ulinifaa sana wakati wa kulinganisha ankara mbili. Samaki mmoja wa rangi, aliyewekwa na watengenezaji kuwa picha ya skrini ya toleo la majaribio, alizoeleka nyumbani kwetu kiasi kwamba watoto waliuliza alikwenda wapi baada ya toleo kamili kuwekwa.

Kwa hiyo nilipoona bei ya pauni 49.99, swali langu halikuwa kama mfumo huo ni mzuri. Nilitaka kujua ni leseni ya aina gani ninayouziwa, na hapo ndipo Uingereza palipokuwa tofauti kabisa na Marekani.

Mmarekani aliyelipa dola 49.99 alinunua leseni ya kupandisha daraja, yaani ile inayomtaka mnunuzi awe tayari na Windows XP au Vista halali. Huku Ulaya, Tume ya Ulaya ilikuwa imeishitaki Microsoft mwezi Januari 2009 kwa kukifungasha kivinjari cha Internet Explorer ndani ya Windows, kufuatia malalamiko yaliyowasilishwa na kampuni ya Opera, yenye kivinjari chake shindani, mwishoni mwa mwaka 2007. Microsoft ikajibu kwa kutangaza toleo maalumu la Ulaya, Windows 7 E, lisilo na kivinjari hicho. Toleo hilo halikuweza kuwekwa juu ya Vista kwa njia ya kupandisha daraja, kwa vile Vista tayari ilikuwa na kivinjari ndani yake. Ilibidi lisakinishwe upya. Matokeo yake, wanunuzi wa Ulaya waliahidiwa leseni kamili, isiyomtaka mnunuzi awe na Windows ya zamani, kwa bei ambayo kwingineko ilinunua leseni ya kupandisha daraja tu. Wengi waliokuwa wakijadili ofa hii walilalamikia kukosekana kwa kivinjari, nami naliona lalamiko hilo dogo mno, kwa kuwa kivinjari hupakuliwa bure na kubebwa kwenye diski yoyote ndogo, ilhali tofauti ya leseni mbili hizo huonekana siku unapobadilisha kompyuta.

Niliwaandikia watu wa duka nililoagizia, ambalo sitalitaja jina, nikawauliza waziwazi kama kitakachofika kitakuwa leseni kamili. Jibu la kwanza lilikuwa barua iliyoandaliwa tayari ikinishukuru kwa oda yangu. La pili lilisema nisome maelezo ya bidhaa, na maelezo yenyewe yalikuwa yamebadilishwa tangu siku niliyoagiza. Hili liliniudhi kwa haki kabisa. Mteja anayekubali kusubiri zaidi ya miezi mitatu kwa kitu asichoweza kukishika mkononi hana kingine cha kushikilia isipokuwa maneno ya muuzaji, na maneno hayo yanapogeuzwa katikati ya safari bila taarifa, anakuwa amenyimwa haki yake ya kuamua upya. Nilichofanya siku ya kuagiza ni kuuhifadhi ukurasa mzima wa maelezo pamoja na uthibitisho wa oda, na nakala hizo ndizo zilizonipa utulivu wakati watu wa duka walipokuwa hawana jibu.

Mwishoni mwa Julai mambo yaligeuka tena. Microsoft ilipendekeza kwa Tume kwamba watumiaji wa Ulaya waoneshwe skrini ya kuchagua kivinjari wanachokitaka, na mwanzoni mwa Agosti ikaliacha toleo la E. Sisi tuliokwisha kuagiza tukajulishwa kwamba tungepelekewa Windows 7 ya kawaida, yenye kivinjari chake, kwa bei ileile na kwa leseni kamili. Naona Microsoft ilitenda haki katika hilo. Ingeweza kurudisha fedha za watu na kuanza upya na leseni za kupandisha daraja, lakini ilisimama kwenye ahadi ya awali. Wakati huo baadhi ya maduka yalikuwa yamekwisha kumaliza mgao wao, kabla hata tarehe 14 Agosti haijafika, na bei ilikuwa imeanza kupanda kwa waliochelewa.

Mauzo yenyewe yalikuwa makubwa. Amazon ya Uingereza ilieleza kwamba katika saa 8 za mwanzo, oda za Windows 7 zilizidi zile ambazo Vista ilipata katika wiki zake zote 17 za kuagizwa mapema.

Tarehe rasmi ya kutoka ilikuwa 22 Oktoba 2009, na ikaangukia siku ambayo wafanyakazi wa Royal Mail, shirika la posta la Uingereza, walikuwa wameitisha mgomo wa kitaifa, tarehe 22 na 23. Nilijiandaa kusubiri wiki nyingine. Badala yake kifurushi kilinifikia kabla ya tarehe hiyo, kwa sababu duka liliharakisha kukituma ili kisinaswe na mgomo, na kadi yangu ya benki ilikatwa siku kilipotumwa, si siku nilipoagiza. Kwa mambo haya mawili nalisifu duka lilelile nililolilaumu hapo juu. Kutokata fedha hadi mzigo utoke ghalani ndio utaratibu ninaoutaka kwa oda yoyote ya mapema, kwani mteja hubaki na uhuru wa kufuta oda yake bila kuanza kufuatilia marejesho.

Ndani ya kasha la plastiki lenye rangi ya kijani mlikuwa na DVD mbili, moja ya biti 32 na nyingine ya biti 64, na karatasi ya nata yenye ufunguo wa herufi na tarakimu 25 uliogawanywa katika mafungu matano. Nilichagua biti 64 kwa kuwa nilikusudia kuongeza RAM ifike GB 8, na mfumo wa biti 32 hauwezi kuitumia RAM yote ya kiasi hicho. Kuhama kutoka biti 32 kwenda 64 hakufanyiki kwa kupandisha daraja. Ni lazima usakinishe upya. Hivyo nilinakili mafaili yangu yote kwenye diski ya nje, nikahakikisha yanafunguka kwenye kompyuta nyingine, kisha nikaingiza DVD na kuiwasha mashine. Nukta nne za mwanga zilitokea katikati ya skrini nyeusi, zikazungukana na kuungana kuwa ile bendera ya Windows. Usakinishaji wote ulimalizika kabla ya wakati wa chakula cha jioni. Kadi ya sauti, kadi ya mtandao na printa vilitambuliwa bila mimi kutafuta draiva (programu inayokiwezesha kifaa kufanya kazi na kompyuta) hata moja.

Skana ndiyo iliyokataa. Mtengenezaji wake alikuwa na draiva ya biti 32 peke yake, na nilipomwandikia alinijibu kwamba modeli hiyo haitatengenezewa nyingine. Skana ilikuwa nzima, kioo chake hakina mkwaruzo, na nilikuwa naitegemea kwa nyaraka za forodha. Ilinibidi ninunue nyingine, na gharama hiyo ilipunguza sehemu ya faida niliyoipata kwenye punguzo. Anayefikiria kuhama mfumo kwa sababu ya bei nzuri aorodheshe kwanza kila kifaa kilichochomekwa kwenye kompyuta yake na kutafuta draiva zake kimojakimoja. Microsoft ilitoa programu ya bure ya kukagua kompyuta kabla ya kuhama, lakini ilikagua tu kifaa kilichokuwa kimechomekwa na kuwashwa wakati huo.

Jambo jingine lililonifurahisha, ingawa halikuwamo kwenye tangazo la ofa, ni kifurushi cha bure cha lugha kilichogeuza menyu na maelezo mengi ya Windows 7 kuwa Kiswahili. Hakikudai toleo la bei ya juu. Kilikubali hata kwenye Home Premium. Mama yangu alipokuja kukaa nasi nilimfungulia akaunti yake ya Kiswahili, na tangu hapo hakumwita mtu kumtafutia picha za wajukuu. Nilisikitika tu kwamba ofa yenyewe haikufika Afrika Mashariki. Mdogo wangu aliyeko Tanga aliniuliza aagizie wapi, nami sikuwa na la kumwambia.

Faida ya leseni kamili ilijitokeza miaka kadhaa baadaye, kompyuta ile ya mezani ilipochoka na nikajiundia nyingine. Leseni inayokuja na kompyuta mpya kutoka kiwandani hufungwa kwenye mashine hiyo na hufa nayo, lakini yangu iliruhusiwa kuhama mradi niiondoe kwenye kompyuta ya zamani. Uamilishaji, yaani kuithibitisha leseni kwa Microsoft, ulikataa kwa intaneti, kwa hiyo nikapiga simu ya bure iliyoandikwa kwenye skrini. Mashine ya upande wa pili ilinitaka nibonyeze tarakimu 54 zilizopangwa katika mafungu 9, ikaniuliza leseni imewekwa kwenye kompyuta ngapi, nikajibu moja, ikanisomea tarakimu za kurudisha kwa sauti ya taratibu huku mwanangu akiziandika. Leseni ikakubali.

Baadaye Microsoft ilirudia mchezo wa bei kwa Windows 8, iliyotoka tarehe 26 Oktoba 2012 na kuuzwa hapa kwa pauni 24.99 kwa njia ya kupakua hadi mwisho wa Januari 2013. Bei ilikuwa nusu ya ile niliyolipa, lakini iliyouzwa ilikuwa leseni ya kupandisha daraja. Mimi niliiacha ipite, kwa sababu ingenilazimu kuiweka juu ya leseni nzuri niliyokuwa nayo, na menyu ya kuanzia niliyoizoea ilikuwa imeondolewa. Sikujuta, kwani kuanzia tarehe 29 Julai 2015 wenye Windows 7 halali walipewa mwaka mmoja wa kuhamia Windows 10 bila malipo, nami nikahama katika miezi ya mwisho, baada ya kuhakikisha kwamba skana mpya ina draiva.

Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Ukihesabu kutoka kasha lile la kijani, pauni 49.99 zimenihudumia kwa miaka 16, ambayo ni takriban pauni 3 na senti chache kwa mwaka. Kompyuta yangu ya sasa haifikii masharti ya Windows 11, kwa kuwa prosesa yake ni ya kizazi cha zamani na haina TPM 2.0, chipu ya usalama. Nimeisajili katika mpango wa masasisho ya usalama ya ziada unaokwisha tarehe 13 Oktoba 2026, na kabla ya hapo nitaamua kama ninunue mashine nyingine au niweke Linux, mfumo endeshi wa bure, katika hii.