Nilitaka Kuitupa Shampuu Hii ya Mbwa

Jamani, basebo na banyabo, karibuni tena uani kwetu Busia, upande wa Uganda. Kelele mtanivumilia, jirani kafungulia redio. Huyu mwenye povu shingoni ni Jeki, na chupa ndiyo hii. Jina lisomeni wenyewe, mimi sijalipwa hata shilingi. Ujazo na nchi ilikotoka viko nyuma ya chupa, navyo nimeviacha hukohuko.

Hii chupa nilikaribia kuitupa. Nilitoa shilingi 45,000 za Uganda kwenye maduka ya Container Village kule Kampala, nikapanda basi nayo mapajani, nikafika nikamwosha Jeki kama ninavyooga mimi: maji, povu, maji, kwisha. Siku ya tatu bado anajikuna, na ile harufu… mnaijua soksi iliyolala ndani ya kiatu cha mvua? Ndiyo hiyo. Nikasema, leo nimeliwa.

Sasa, Mjomba, leta kamera hapa. Karibu zaidi! Mnaona haya maandishi, madogo kama mayai ya chawa? Yanasema povu likae dakika 10 kabla ya kusuuza. Yaani jambo kubwa kuliko yote kwenye chupa nzima ndilo wamelificha. Hilo limeniudhi kuliko bei.

Haya, saa ya simu imeanza. Sugua mpaka kwenye ngozi, usiishie juu ya manyoya. Kwapani, katikati ya vidole, chini ya shingo. Ona hapa kwapani: ngozi nyeusi, nene, ina mafutamafuta. Hii ni hamira ya ngozini, fangasi ambaye karibu kila mbwa anaye kidogo, ila ngozi ikiwa na unyevu au mzio anazaliana kupita kiasi. Hivi vipele vyenye usaha tumboni ni bakteria. Humu ndani mna mikonazoli ya kumpiga fangasi na klorheksidini ya kupiga bakteria, lakini zote mbili zinataka muda. Ukisuuza haraka, dawa yote umeinywesha mfereji.

Jeki, tulia! Akitaka kujikung'uta mshike kichwa taratibu, maana kujikung'uta kwao huanzia kichwani. Umeona? Ametulia. Mjomba, wewe shika simu, usishike mbwa.

Dakika ya nne. Tusubiri huku tukizungumza. Ile video ya kuku niliyowaahidi imechelewa kwa sababu simu ilitumbukia kwenye karai hilihili. Halafu kuna mama mmoja aliniuliza kama shampuu hii inatibu upele. Hapana, nyabo. Upele unaletwa na utitiri unaochimba ngozi, na hii haiuui. Jipimie hivi: kamata ukingo wa sikio, ukunje, usugue wenyewe kwa wenyewe. Mguu wa nyuma ukianza kukuna hewa, shuku upele, hasa kama masikio na viwiko vimenyonyoka. Jeki… mguu kimya. Wenu ukicheza, nendeni kwa daktari wa mifugo awape dawa ya utitiri kwa uzito wa mbwa, na nyinyi wenyewe mkianza kuwashwa mikono msishangae, utitiri huo unahamia hadi kwa watu.

Na tafadhali, ile dawa ya kuogeshea ng'ombe, mnayomwaga kwa kifuniko bila kipimo, iacheni. Mbwa anajilamba, inaingia tumboni. Oili chafu ya gari ndiyo kabisa! Najua ni ya bure. Inaunguza ngozi na ni sumu.

Dakika ya saba. Nimalizie na kipimo cha viroboto, mbwa wangu hana lakini niwaonyeshe tu. Nimemkausha kidogo hapa mgongoni karibu na mkia, pale ambapo sijapaka povu. Nachana kwa kitana chembamba, uchafu naudondoshea kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Vidoadoa vyeusi vikibaki vyeusi, ni vumbi. Vikigeuka… eh. Mjomba, unaona ninachoona? Vinasambaa rangi ya damu. Hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu ya Jeki iliyopita tumboni mwao. Loo, na mimi nimetamba!

Basi leo nakula maneno yangu. Nimeilaumu shampuu kwa kujikuna ambako labda nusu yake ni viroboto, nayo haikuahidi kuwaua. Mayai yao yanadondoka anapolala, kwa hiyo lile gunia lake linafuliwa leoleo kwa maji moto, na kesho natafuta vidonge vya viroboto. Nasikia hapo ng'ambo Kenya bei ni nafuu, nitavuka nione.

Lakini harufu? Wiki ya tatu hii, namwosha mara 2 kwa wiki kwa dakika zake 10. Mjomba, nusa kwapa. Nusa, usiogope! Haya, semea kamera. "Hainuki." Mmesikia. Weusi wa ngozi bado, huo hukawia kuondoka. Naipa 7 kwa 10, na zile 3 wakazifuate kwenye maandishi yao ya mayai ya chawa.

Saa hiyo inalia. Mjomba, maji! Jeki, ngoja… Jeki! Futa kioo cha kamera, futa haraka, povu limeingia hadi kwenye spika.