Duka la maziwa Ngamiani: mtindi mtupu chukueni, yogati ya embe iacheni

Kwa asiye na muda: mtindi mtupu wa duka hili unashinda mingine yote niliyowahi kunywa hapa Tanga mjini. Jibini yao ya vipande isome vizuri kabla hujaitia mkobani. Yogati ya embe waachieni wageni. Mwenye muda aendelee, maana nyumbani kwangu presha ni yangu, sukari ni ya mke wangu, na friji ni moja.

Duka liko Ngamiani, huku kwenye barabara zetu za namba. Jina silitaji, ila anayepita asubuhi ataliona kwa foleni ya watoto wenye vidumu. Ndani kuna meza chache za plastiki, friji ya kioo, tangi la maziwa freshi, na ndoo mbili za mtindi zilizofunikwa vizuri. Ndoo hizo mbili ndizo zilizonifanya nikae chini niandike. Moja imeandikwa kwa kalamu nene MTUPU, nyingine SUKARI. Mnaweza kuona ni jambo dogo. Kuna mahali pengine, nako sipataji, niliuliza kama mtindi umetiwa sukari nikaambiwa "kidogo tu, mzee, ya kuondoa ukali". Nilipoonja nikadhani nimepewa juisi. Hapa dada wa kaunta anakuamkia, anakuuliza unataka upi, na ukisema mtupu hakushangai. Kopo la sukari liko mezani kwa anayetaka mwenyewe.

Sasa hesabu, maana muuguzi wa kliniki hakumkataza mke wangu maziwa, alimwambia ayahesabu. Maziwa ya ng'ombe yana sukari yake ya kuzaliwa nayo, laktosi, karibu gramu 5 katika kila mililita 100. Hiyo hakuna aliyeitia. Maziwa yanapoganda, bakteria hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa asidi, na uchachu wa mtindi unatoka hapo. Kwa hiyo nikisoma pakiti ya mtindi nikaona sukari gramu 4 au 5 kwa gramu 100, na kwenye viambato hamna kingine ila maziwa na bakteria wa kugandishia, moyo unatulia. Ikipanda juu ya hapo, najua kuna mkono wa mtu.

Yogati yao ya embe, ile ya kikombe chenye picha ya embe lililokatwa, inaandika sukari gramu 13 kwa gramu 100. Kikombe ni gramu 250, na mtu hali nusu kikombe akaacha. Pigeni hesabu: gramu 32 na ushee. Toeni kama gramu 11 za laktosi, zinabaki zaidi ya 20 za kutiwa, sawa na vijiko vitano vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Kikombe kimoja cha saa nne asubuhi, basi, kimekaribia kuimaliza siku nzima, na chai bado haijanywewa. Embe lenyewe kwenye orodha ya viambato linakuja nyuma ya sukari, na viambato hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Tunalipia picha.

Na msidanganywe na maandishi ya "mafuta kidogo". Kikombe cha vanila kwenye friji hiyohiyo kina maandishi hayo mbele kwa herufi kubwa, nyuma sukari ni ileile. Mafuta yakitolewa ladha hupungua, na mara nyingi pengo linazibwa kwa sukari au wanga. Mimi huanzia nyuma ya kikombe kila mara, hata wajukuu wakinicheka na miwani yangu.

Mke wangu amepata dawa ya hamu yake ya embe: analikata embe mwenyewe, vipande vichache, anatia kwenye bakuli la mtindi mtupu na punje za iliki zilizopondwa. Sukari ya tunda ipo na anaihesabu, lakini ni ya vipande vile anavyoviona kwa macho. Mimi naupenda na ugali wa dona. Jioni tunakata matango, tunamwagia mtindi, ndimu na pilipili mbichi, chumvi hatutii, na sijasikia mtu akiiulizia.

Chumvi ndiyo shida yangu mimi, na hapo ndipo jibini inapoingia. Sukari ulimi unaitambua mara moja. Chumvi ya jibini inajificha ndani ya mafuta, unakula ukidhani unakula maziwa magumu tu. Vipande vile vya jibini laini vilivyofungwa kimoja kimoja kwa nailoni, vinavyopendwa kwa mkate wa watoto, viliandikwa sodiamu miligramu 1,200 kwa gramu 100. Sodiamu si chumvi yote, ni sehemu yake. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi: gramu 3. Kipande ni gramu 20, mkate wangu unabeba viwili, hapo nimekula gramu 1.2 za chumvi kabla ya kugusa mchuzi, na kiwango cha siku nzima kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5. Mkate wenyewe nao una chumvi yake, tusisahau.

Nikamuuliza dada kama wana jibini isiyo na chumvi nyingi. Alinitolea mozzarella mbichi, iliyolala kwenye maji yake ndani ya kibakuli. Sodiamu yake haikufika robo ya ile ya vipande. Ni ghali, na haina ule ukali ambao mtu anautafuta kwenye jibini; ukiila peke yake utasema hujala kitu. Lakini juu ya nyanya za moto na kitunguu inayeyuka vizuri, na mke wangu aliyezoea ile ya nailoni ameikubali. Feta wanayo pia. Hiyo hukaa kwenye maji ya chumvi, na ukiiloweka kwenye maji baridi chumvi hupungua kiasi, ila bado kwangu ni chakula cha sikukuu. Siagi wanayouza ni ya chumvi tu. Nimewaomba walete isiyo na chumvi, wamesema wateja hawaiulizi. Haya, iulizeni.

Maziwa freshi ya tangi ni mazuri, mazito, yana krimu inayopanda juu. Nayachemsha hata nikiambiwa yameshachemshwa, kwa sababu ya homa zinazotoka kwa ng'ombe, na juu ya hilo sibishani na mtu. Ya kopo, yale matamu ya kutia kwenye chai, yapo rafu ya chini; zaidi ya nusu ya kopo ni sukari, kwa hiyo kwetu hayaingii.

Malalamiko ninayo mawili. Friji ya kioo hufunguliwa kila saa na watoto wanaochagua kwa kugusa, na siku za joto la kaskazi vikombe vya mbele havina ubaridi wa kuridhisha. Chukueni vya nyuma, na tazameni tarehe. La pili ni kwamba mtindi wao mtupu wa ndoo hauna karatasi yoyote ya viambato. Nimemwamini dada kwa sababu ameniambia wazi wanagandisha na nini, na ulimi wangu unakubaliana naye, lakini mgonjwa wa sukari anayehesabu gramu zake angehitaji zaidi ya neno la mdomo. Kwa huyo kuna pakiti za kiwandani zenye alama ya TBS, shirika la viwango, na vipimo vyake, kwenye friji ileile, bei yake iko juu kidogo.

Nusu lita ya mtindi wa ndoo nililipa shilingi 1,500. Wa sukari unapatikana hadi jioni. Mtupu huisha kabla ya adhuhuri, kwa hiyo pitieni mapema, na mwende na chupa zenu, maana za kwao wanatoza.