Boti ya Ventura hadi Kisiwa cha Santa Cruz, California: uzoefu wangu kwa wapenda vyombo vya bahari vya kale

Niseme mapema nani ataifurahia safari hii na nani ataona pesa zake zimekwenda bure. Ukitaka pomboo, mbweha wadogo wa kisiwani na majabali yaliyosimama wima juu ya maji, vyote vipo na picha utarudi nazo. Ukienda kwa sababu iliyonipeleka mimi, yaani umesikia kwamba watu walikuwa wakiivuka bahari hii maelfu ya miaka kabla Mzungu hajatia mguu, jiandae kabla ya kupanda boti. Kisiwani hakuna chombo cha kale kinachokungoja, na maelezo utakayopewa njiani ni haba.

Nilikwenda na ami yangu, fundi wa vyombo wa Lamu aliyestaafu, ambaye alikuwa amekuja kututembelea Los Angeles. Ameunda mashua na majahazi tangu ujana wake. Marekani nzima ilikuwa haijamshtua kwa lolote isipokuwa bei ya nazi.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Visiwa vitano hapa ni hifadhi ya taifa tangu 1980, na kuingia hifadhini hakulipiwi. Unacholipia ni boti. Tiketi unakata mtandaoni, na ukitaka mwisho wa wiki ukate mapema. Chukua chakula chako chote, kwa sababu kisiwani hakuna duka wala mgahawa. Chukua na koti zito hata kama Ventura kuna jua kali. Boti yetu ilikuwa safi, nahodha aliijua kazi yake, na vijana wa sitahani walimpa ami mkono pale gati ilipokuwa ikicheza, bila kumfanya ajione mzee. Hapo sina la kulalamika.

Lalamiko langu ni kipaza sauti. Kwanza nusu ya maneno ilimezwa na injini. Kilichosikika, zaidi ya habari za nyangumi, kilikuwa sentensi moja kwamba Wachumash, wenyeji wa pwani hii, wamekuwa wakivuka kwenda visiwani kwa tomol zao, yaani vyombo vyao vya mbao za kushona, kwa miaka 13,000. Hapo zimechanganywa habari mbili zilizopishana kwa zaidi ya miaka 10,000, na aliyelipa nauli anastahili kupewa kila moja mahali pake.

Habari ya kwanza ni ya mifupa. Mwaka 1959 mtafiti Phil Orr aliikuta mifupa ya binadamu pale Arlington Springs, katika kisiwa jirani cha Santa Rosa, ikiwa chini sana ndani ya ukingo wa korongo. Vipimo vya baadaye viliipa umri wa kama miaka 13,000, na ni miongoni mwa mabaki ya kale kabisa ya binadamu yaliyopata kuonekana Amerika Kaskazini. Zama zile barafu ilikuwa imeshika maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini sana kuliko leo, na visiwa vinne vya kaskazini vilikuwa kisiwa kimoja kikubwa ambacho wataalamu wanakiita Santarosae. Lakini kisiwa hicho hakikugusana na bara hata bahari ilipopungua kiasi hicho. Ulibaki mlango wa maji wa kilomita kadhaa, na maji ya huku ni baridi ya kuua. Aliyefika alifika na chombo.

Msomaji wa pwani yetu ataona uzito wa jambo hilo akifikiria Unguja. Katika pango la Kuumbi kuna dalili za watu wa zama za mawe, lakini wakati bahari ilipokuwa chini, Unguja ilikuwa imeungana na bara, kwa hiyo mtu angeweza kufika kwa miguu. Ushahidi wa pango hauthibitishi ubaharia. Pemba ni habari nyingine, maji yake ni marefu mno. Santa Rosa ni kama Pemba kwa hilo: mfupa mmoja pale unatosha kukwambia kulikuwa na mabaharia, hata kama hakuna kipande cha chombo chao kilichobaki. Katika kisiwa cha San Miguel, kwenye Pango la Daisy, yameonekana makombe ya kuliwa ya zaidi ya miaka 11,000, pamoja na mabaki ya kamba zilizosokotwa kwa nyasi za baharini, zenye umri wa maelfu ya miaka. Mtafiti Jon Erlandson na wenzake wamejenga hoja kwamba watu wa kwanza wa Amerika huenda waliteremka kwa kufuata misitu ya mwani mkubwa iliyo kando ya Pasifiki, wakila samaki, makombe na sili njia nzima. Kutoka kwenye boti utaiona misitu hiyo karibu na kisiwa, majani ya kahawia yamelala juu ya maji, nayo maji hapo yametulia kuliko pembeni.

Habari ya pili ni tomol yenyewe, chombo cha mbao za kushona, na hiyo umri wake unakadiriwa kwa mamia ya miaka, labda 1,500 hivi. Waliotangulia walitumia kitu kingine, pengine matete yaliyofungwa pamoja. Ndiyo maana nashauri usianzie Ventura. Anzia Santa Barbara, kwenye makumbusho ya Santa Barbara Museum of Natural History, karibu na misheni ya zamani ya Wahispania, ambako utaiona tomol kwa macho yako. Sisi tulifanya hivyo, na kwangu hiyo ndiyo sehemu iliyolipa gharama zote.

Ami hakusoma bango. Alikizunguka chombo kutoka omo hadi shetri, akainama, akachungulia ndani, kisha akasimama mikono nyuma.

"Mwanangu, hiki hakina mataruma."

"Ndiyo, Ami."

"Hakina mataruma wala mkuku. Kinashikwa na nini?"

Mataruma ni mbavu za ndani ya chombo, na mkuku ni uti wake wa chini. Hiki kinashikwa na kamba na lami. Ubao wa chini ni mnene, mbao za ubavuni zinapandishwa juu yake moja baada ya nyingine, na katikati kuna ubao mmoja wa kukingama. Basi. Mbao zilizopendwa ni za mti mwekundu mrefu uitwao redwood, ambao hauoti maeneo haya. Magogo yalikuja yenyewe kwa mkondo kutoka kaskazini, na fundi aliyaokota ufukweni. Aliyapasua kwa kabari za mfupa wa nyangumi na kuyalainisha kwa ngozi ya papa. Kisha alitoboa tundu kandokando ya kila ubao, akazishona mbao kwa kamba za nyuzi za mimea ya porini, akajaza nafasi kwa matete makavu, na kupaka mchanganyiko wa lami na utomvu wa msonobari uliochemshwa. Chuma hakikuwepo kabisa. Tanga pia halikuwepo. Walipiga kafi zenye bapa pande mbili, wakiwa wamepiga magoti, na kulikuwa na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukumba maji.

Ami alipofika hapo kwenye kukumba maji alicheka. Alisema chombo cha kushona ambacho hakivuji hakijazaliwa. Lakini alinieleza jambo ambalo sikulikuta kwenye bango lolote: ubao uliopigwa misumari ukipigwa na wimbi la ufukweni hupasuka, uliofungwa kwa kamba hutoa nafasi kidogo kisha hurudi. Kwa watu wanaoteremsha chombo kwenye mawimbi ya wazi na kukivuta mchangani kila siku, kushona si umaskini wa misumari. Alikuwa akiyasema hayo kwa kuikumbuka mitepe, ambayo yeye mwenyewe hakuikuta. Aliisikia kwa babu yake. Vyombo vile vya visiwa vya Lamu, vilivyoshonwa kwa kamba za makumbi na kupandishwa tanga la mkeka, vilimalizika katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita. Na mwandishi Mgiriki wa karne ya 1 aliyeeleza biashara ya pwani yetu alivitaja vyombo vya kushona pale Rhapta, mji wa kale wa biashara katika pwani hiyo.

Nitahadharishe hapa, maana najua mtu atakimbilia kusema Waswahili walifika California. Hakuna udugu wowote. Ni mafundi wa bahari mbili ambao kila mmoja alilipata jibu lake. Kuna wataalamu waliodai Wachumash walijifunza ufundi huu kwa Wapolinesia, na ubishi wake haujaisha, lakini sisi hatumo.

Ujuzi wa tomol ulikaribia kupotea. Juan Rodríguez Cabrillo, nahodha wa msafara wa Wahispania, alipopita mwaka 1542 alilakiwa na mitumbwi mingi kiasi kwamba kijiji kimoja alikipa jina la Mji wa Mitumbwi. Baadaye zikaja misheni, San Buenaventura mwaka 1782 na Santa Barbara mwaka 1786, zikaja na maradhi, na mwanzoni mwa karne ya 19 watu wa visiwani walikuwa wamehamishiwa bara. Uzi uliobaki ni mzee mmoja, Fernando Librado, jina lake la Kichumash Kitsepawit, aliyefariki 1915. Alimsimulia mwanaisimu John P. Harrington hatua kwa hatua jinsi tomol inavyoundwa. Kwa maandishi yale, mwaka 1976 iliundwa tomol iliyoitwa Helek, na Wachumash wakapiga kafi tena baina ya visiwa. Mwaka 1997 ikafuata 'Elye'wun, na Septemba 2001 ikavuka kutoka bara hadi Santa Cruz, jambo lililokuwa halijafanyika kwa zaidi ya karne.

Sasa, ukiwa na hayo kichwani, ndipo boti ina maana. Ventura hadi gati ya Scorpion, kisiwani Santa Cruz, ni kilomita 30 na kitu, karibu na upana wa mlango wa bahari kati ya Unguja na bara. Injini inachukua kama saa moja na zaidi. Wapiga kafi wa leo wanatoka usiku wa manane na kufika mchana. Sababu utaijua wakati wa kurudi. Asubuhi maji yalikuwa kama mafuta, alasiri upepo ulishuka na boti ikaanza kupiga kifua, na nusu ya abiria wakawa wameshika mifuko. Meza dawa ya kichefuchefu kabla, na kaa nyuma, katikati.

Pomboo walitufuata kundi zima. Wachumash husimulia kwamba Hutash, mama wa ardhi, aliwaumba watu kisiwani humu kwa mbegu, na walipozidi akawatandikia daraja la upinde wa mvua wavuke kwenda bara. Waliotazama chini walipata kizunguzungu wakaanguka, naye akawageuza pomboo wasife maji. Kwa hiyo pomboo ni ndugu. Hiyo ingefaa sana kutoka kwenye kipaza sauti wakati watu wote wamesimama wamewakodolea macho, lakini tuliambiwa kasi yao ya kuogelea.

Kisiwani tulipata matembezi ya bure na mama mmoja mstaafu anayejitolea, na yeye ndiye aliyeokoa siku. Alizitenganisha habari mbili bila kuulizwa. Alitusimamisha kwenye ardhi iliyojaa vipande vya makombe, majaa ya karne nyingi, akatuonyesha kipande cha jiwe gumu na kusema kwa jiwe kama hili watu wa kisiwa hiki walitengeneza keekee nyembamba za kutobolea shanga za konokono wadogo wa baharini. Shanga hizo zilikuwa fedha. Zilivushwa bara kwa tomol na kununua vyakula na vitu ambavyo kisiwa hakikuwa navyo. Usiokote kitu hapo, ni kosa la sheria na ni utovu wa adabu pia. Ami alimuuliza kupitia kwangu kama tomol ilikuwa mali ya kila mtu. Akajibu hapana: ilikuwa ya matajiri na wakubwa, na mafundi wake walikuwa na chama chao. Ami akasema, "Kama kwetu," akaendelea kupanda kilima.

Njia ya kwenda Cavern Point ni fupi ingawa ina mwinuko, na mbweha watakufungulia mkoba ukigeuka. Hapo sina zaidi.

Kwa nyota tano natoa hivi: boti na wafanyakazi wake nne, maelezo ya njiani mbili, yule mama wa matembezi tano. Wenye watoto wadogo sana au wanaougua bahari wabaki makumbusho, hawatakosa kiini cha habari.

Ukiwa na gari, pita Carpinteria, kati ya Ventura na Santa Barbara. Wanajeshi wa msafara wa Kihispania wa Portolá walipaita hapo jina hilo, maana yake karakana ya seremala, mwaka 1769 walipowakuta Wachumash wakiunda chombo, na lami ile ile bado inachuruzika kutoka ardhini ufukweni, bure, nyeusi na laini juani. Ami aliichukua kwa kidole, akainusa, akasema angekuwa nayo Lamu asingenunua dawa ya dukani ya kuzibia vyombo. Vaa viatu vya zamani. Ikikunata mguuni sabuni haisaidii. Pangusa kwa mafuta ya kupikia kwanza, ndipo uoshe.