Bagi ya gunia ya Kibuye, hii ndio ununue

Kama bado unanunua zile bagi nyembamba za kwa kaunta ya supamaketi kila ukienda shoping, acha. Nenda soko la Kibuye hapa Kisumu, Jumapili ndio kunakuwa na za kuchagua, utafute bagi ya gunia, ile ya kushonwa iko na zipu juu. Yangu kubwa nilitoa bob mia na bado iko imara kabisa.

Tangu juala za plastiki zipigwe marufuku hapa Kenya 28 Agosti 2017, mzigo umekuwa wa mnunuzi. Zamani hata ukinunua mkate na maziwa peke yake unapewa juala bure, siku hizi unaulizwa utachukua bagi, ukikubali inaongezwa kwa risiti. Kulipa sio shida yangu, shida ni ile kitu unauziwa, ukiweka unga pakiti mbili, mafuta na sukari halafu upande boda mpaka Nyalenda, kamba inang'oka kwa kona ya kwanza na unga inamwagika barabarani. Na watu wanadhani ni kitambaa, hapana, ni plastiki tu, ndio maana NEMA, wale wa serikali wa mazingira, wenyewe walitangaza 2019 kwamba wanaziondoa. Zikichakaa zinatoa manyuzi, na mvua ya Kisumu vile inanyesha hayo manyuzi yote yanaishia kwa mtaro halafu ziwani.

Sawa, gunia pia ni plastiki. Lakini hii unakaa nayo, ikichafuka unaosha na Omo unaanika, kamba ikilegea fundi wa viatu anashona hapo hapo ukingoja.

Kwa samaki ndio haisaidii sana, nisidanganye. Maji inapita kwa nyuzi na harufu ya omena haitoki haraka, so ukienda kuchukua ngege ama mbuta beba ndoo yenye kifuniko ama kopo, uweke ndani ya bagi. Gazeti na karatasi za khaki zikilowa zinapasuka tu.

Kitu inaniuma ni vile customer anafika kwa mama mboga mikono mitupu halafu analazimisha apewe juala. Zinapatikana, zinapenyezwa huko mpakani Busia kutoka Uganda, lakini faini kwa sheria ni kati ya milioni 2 na milioni 4 ama jela mwaka mmoja hadi minne, na huyo mama anauza sukuma ya bob ishirini! Akishikwa wewe uko nyumbani unapika. Beba bagi yako jameni.

Ukinunua vuta kamba kwa nguvu mbele ya muuzaji, uangalie kama imeshonwa mpaka chini ya bagi ama imeshikiliwa juu tu. Ya juu tu usichukue. Zipu pia ifungue na ufunge kabla utoe pesa, hizo zipu ndio huharibika kwanza.