Tathmini ya QGIS katika Kupanga Ardhi ya Mji Mdogo Unaokua

Nimeitumia QGIS kwa kazi moja mahususi, nayo ni kupanga matumizi ya ardhi katika mji mdogo wa mashambani ambao watu wake wanaongezeka, na tathmini hii inahusu kazi hiyo peke yake. Programu hii ya ramani ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman, haina ada ya leseni, na hufanya kazi hata pasipo intaneti maadamu data imekwisha kupakuliwa. Kwa mamlaka ndogo isiyo na fungu la kununulia programu, hiyo ni sababu tosha ya kuijaribu.

Thamani yake huonekana pale hesabu ya watu inapokutana na ramani. Tuchukue mfano wa mji wenye watu 5,000 unaokua kwa asilimia 3 kwa mwaka: baada ya takriban miaka 23 watakuwa 10,000, na ikiwa kila kaya ina watu watano, zitahitajika nyumba 1,000 zaidi. Tukitenga asilimia 30 ya eneo jipya kwa barabara na maeneo ya wazi, viwanja vya mita za mraba 400 vitachukua hekta 57 hivi, ilhali viwanja vya mita za mraba 1,000 vitachukua karibu hekta 143. Hesabu hiyo hufanyika kwa kalamu na karatasi tu, lakini karatasi haikuonyeshi hekta hizo 143 zitaangukia shamba gani.

QGIS hukuonyesha, kwa kuwa kila jambo huwekwa katika tabaka lake, yaani ramani yake inayolazwa juu ya nyingine. Ukishaondoa bonde linalofurika, miteremko mikali, ukanda wa hifadhi kando ya mto na mashamba yenye rutuba, ardhi inayobaki kwa ujenzi huwa ndogo kuliko ilivyodhaniwa, tena mara nyingi ni vipande vilivyotawanyika ambavyo ni ghali kuvifikishia maji na barabara. Hapo ndipo unapoanza mjadala wa kweli juu ya ukubwa wa viwanja, na pia juu ya makaburi na dampo, mahitaji mawili ambayo husahaulika hadi ardhi inayoyafaa imekwisha kujengwa.

Data za kuanzia hupatikana bure. Picha za setilaiti za Sentinel-2 zina pikseli (vimraba vinavyounda picha) za mita 10, na data za mwinuko za SRTM, zilizokusanywa Februari 2000, zina pikseli za mita 30 hivi. Zinatosha kutenganisha msitu na shamba au kukadiria mteremko, wala hazifai hata kidogo kuchorea mipaka ya viwanja, kazi ambayo ni ya mpima ardhi.

Anayeanza namsihi awe makini na mfumo wa majira ya nukta, yaani namna ramani inavyotaja mahali, ama kwa digrii ama kwa mita. Tabaka likiwa katika digrii, ukiagiza ukanda wa 60 kando ya mto ukikusudia mita, programu itachora digrii 60, yaani eneo linalomeza sehemu kubwa ya dunia. Kosa la ukubwa huo hujidhihirisha lenyewe. Yanayonitia wasiwasi ni makosa madogo ya vipimo ambayo hupita bila kuonekana mpaka yaingie katika mpango ulioidhinishwa. Geuza tabaka zote ziwe katika mita kabla ya kupima chochote.

Upungufu mkubwa zaidi hauponyeki kwa toleo jipya. Nyasi tupu kwenye picha zaweza kuwa malisho ya msimu, na njia isiyoonekana yaweza kuwa ndiyo wanayopita watu kwenda kisimani, kwa hiyo rasimu ya kwanza ipelekwe kwa wakazi ikiwa bado rasimu. Nyenzo ya kuandaa kurasa za kuchapa hurahisisha jambo hilo: ramani kubwa yenye ufunguo na kipimio inawekwa mezani, watu wanaichorea kwa kalamu, na masahihisho yao yanaingizwa katika tabaka siku hiyohiyo.