Vilalio vya mshale kwa upinde wa kompaundi: Whisker Biscuit na QAD katika hewa ya chumvi

Kwa upinde wa kompaundi, ule wenye magurudumu na kebo, utakaokaa Bagamoyo, mbali na fundi wa vifaa hivi, kilalio (kifaa kinachobeba mshale kabla haujaruka) cha kununua kwanza ni Whisker Biscuit. QAD UltraRest HDX inaupa mshale njia safi zaidi, hilo halina ubishi, ila inamfaa mtu aliye tayari kuirekebisha mwenyewe.

Whisker Biscuit ni duara lenye nywele ngumu za plastiki zinazoelekea katikati, na tundu dogo ambamo mshale hulala. Ukishauingiza, hata upenye vichakani au uinamishe upinde, mshale hautoki. Haina springi wala kijikamba, na cha kushika kutu ni skrubu tu. Nywele za chini ni ngumu kuliko za juu maana ndizo zinazobeba mshale, kwa hiyo angalia usifunge duara kichwa chini. Chagua tundu linalolingana na unene wa mshale wako. Mshale mwembamba kwenye tundu pana hucheza.

Ubaya wake ni kwamba manyoya ya mkiani mwa mshale hupita katikati ya nywele kila unapopiga. Yale mafupi ya plastiki ngumu, ya sentimita 5 hivi, huvumilia. Manyoya halisi ya ndege yatachakaa mapema, usiyajaribu humo. Yakianza kujikunja kingo, badilisha. Nazo nywele huisha: mshale ukianza kuzama na kupiga chini ya ulipozoea, usihangaike na kilengeo, tazama duara kwanza.

QAD ni ya kuanguka. Unanyanyua uma, yaani kishikio cha pacha kinachobeba mshale, kwa kidole gumba, nao unaufungia mshale ndani. Kijikamba chake kimebanwa kwenye kebo inayoshuka unapovuta. Ukiachia, uma unaanguka na manyoya yanapita bila kugusa kitu. Ukiahirisha na kurudisha ugwe (kamba ya upinde) polepole, uma unabaki juu, jambo zuri sana. Matatizo yake karibu yote yako kwenye kijikamba. Hubana vibaya na kuteleza, au ugwe na kebo hurefuka kwa joto upinde ukiachwa ndani ya gari juani, na mpango wa uma kupanda na kushuka ukavurugika. Weka alama ya kalamu ya wino pale kijikamba kinapotokea kwenye kibanio. Alama ikisogea, umeshajua. Ukishuku manyoya yanagusa, yapake poda ya watoto kisha piga mshale mmoja: palipofutika ndipo panapogusa. Chumvi na mchanga vikiingia kwenye ekseli ya uma, unakuwa mzito. Futa kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi, kausha, weka silikoni kidogo. Oili ya injini hunasa mchanga.

Hamskea, kilalio kingine cha kuanguka, ile ambayo kijikamba chake hufungwa kwenye mkono wa upinde (ubao unaopinda), hufanya kazi kinyume: unapovuta, mkono huo hupinda, kijikamba hulegea, na springi huinua uma. Kijikamba kikikatika uma unabaki juu, hivyo bado unaweza kupiga ingawa manyoya yatagonga.

Sasa bolti, maana hapa watu huharibu upinde mzima. Tundu la kilalio kwenye kiwiliwili cha upinde, sehemu ngumu ya katikati, ni la nyuzi za 5/16-24, yaani unene wa inchi 5/16 na nyuzi 24 kwa inchi. Ukipoteza bolti na kwenda Ngamiani, Tanga, kuulizia, utapewa bolti ya milimita 8, ile ya spana 13. Kwa macho zinafanana. Itaingia mizunguko miwili, kisha itakwama, na ukilazimisha itakula nyuzi za aluminiamu. Pinde nyingi za siku hizi zina pia mfereji wa kushikia kilalio, uitwao Integrate, nyuma ya kiwiliwili. Kilalio cha mfereji huo hakikai kwenye upinde wa zamani. Angalia kabla ya kulipa, na useme kama unavuta kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Kufunga si kazi ngumu. Katikati ya mshale iwe milimita 20 hadi 21 kutoka ukutani mwa kiwiliwili, na mshale upite usawa wa tundu la bolti ukifanya pembe mraba na ugwe. Kisha piga mshale upenye karatasi iliyotandazwa, kutoka mita 2 hivi, uone ulivyochana. Mkia ukichana juu ya tundu la ncha, pandisha kilalio. Ukichana chini, shusha. Sogeza chini ya milimita moja kila mara. Ukifunga vyembe vipana vya kuwindia na vikapiga kushoto mwa vile vya mazoezi, sogeza kilalio kulia, yaani kuelekea vilikopiga vya mazoezi.

Haya yote ni ya uwanja wa mazoezi au ya mwenye leseni ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania. Saadani, iliyoko kati ya Bagamoyo na Pangani, ni hifadhi ya taifa na haiwindwi.

Kwa bei, QAD mara nyingi ni mara mbili au tatu ya Whisker Biscuit. Utakayochagua, agiza nayo bolti ya akiba na funguo za alenki za inchi. Kwa QAD ongeza kijikamba cha pili, kwa Biscuit duara la pili.